Pete za Silinda ya Nne

Harufu ya chuma kinachosuguliwa kwa tupa haifanani na nyingine. Ni kavu, ina utamu kidogo, kama damu ya ufizi. Nimehama miji mingi, nimefanya kazi za kila aina bila kudumu katika yoyote, na popote harufu hiyo inaponijia mbele ya gereji, navuka barabara. Leo nawaambia ninyi kwa nini, maana waliohusika wote wamekwisha kufa.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Katanga ilikuwa imejitangaza nchi, na sisi watu wa Kasai tulioishi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tuligeuka wageni katika nyumba tulimozaliwa. Shule nilikuwa nimeacha. Njiani tulirushiwa mawe. Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa fundi wa injini, lakini askari walimvunja vidole viwili vya mkono wa kulia walipokuja kumtafuta kaka yangu, Yaya Kabeya. Waliahidi kurudi.

Mgiriki mmoja wa mtaa wa Bel-Air alikuwa na gari la mashindano lililolala tangu pete za pistoni zilipokwisha. Alimwambia papa kwamba injini ikifufuka, atamvusha Yaya mpaka Rhodesia ndani ya buti, nyuma ya gari, kwa kuwa gari lile halisimamishwi na kizuizi chochote. Basi uhai wa Yaya ukawa juu ya pete kumi na mbili, tatu kwa kila silinda, na juu ya vidole vyangu, maana vya papa havikuweza tena kushika tupa ndogo.

Pete ya pistoni si duara kamili, ina mwanya. Unaiingiza peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha unapima. Mwanya ukiwa mdogo, unasugua ncha kidogo, unapima tena. Ukizidi, hauna kurudi, na pete nyingine hatukuwa nazo.

"Chuma iko kama muntu," papa alikuwa akisema. "Ikipata moto inatafuta fasi. Ukiinyima fasi, inakushika koo."

Vipimo vyake vilikuwa vimeporwa, kwa hiyo tulitumia nyembe nne za kunyolea zilizobanwa pamoja.

"Gari ya kwenda soko, nyembe tatu," alinifundisha. "Hii ya mbio, ine."

"Na ya kukimbia baaskari?" Yaya aliuliza kutoka chumbani alikojificha.

"Ile, unapima na ine, kisha unasali."

Tulicheka. Kicheko kile bado nakisikia.

Silinda tatu za kwanza papa alizikagua mwenyewe. Kisha akaenda kwa Mgiriki kuchukua mafuta ya injini, akaniachia ya nne. Hapo ndipo jirani alipobisha hodi. Mume wa dada yake alikuwa amefariki, maduka yamefungwa, na mjane alitakiwa kunyolewa.

"Mama mudogo, hamuna wembe?" aliniuliza.

Kwetu wembe wa matanga haunyimwi. Tena ukishamnyoa mfiwa, haurudi nyumba ulikotoka, unatupwa. Nilimpa mmoja, naye akaenda. Ndipo nilipotazama nyembe tatu mkononi.

Kumwambia papa kwamba wembe wa injini ya Yaya umekwenda kwenye msiba, siku moja kabla ya safari, kulikuwa ni kuita kifo barabarani. Mama asingekubali tena Yaya aondoke. Nikapima kwa nyembe tatu. Nilijiambia kwamba gari la sokoni nalo ni gari.

Papa aliporudi aliuliza, "Umepima na ine?"

"Ndiyo, papa."

Akanishika kichwa kwa mkono wake mbovu.

Kesho yake Mgiriki na Yaya waliondoka saa nne asubuhi. Yaya alijikunja ndani ya buti, akanikonyeza, na injini ikaimba vizuri sana.

Siku ya tatu Mgiriki alirudi ndani ya lori lililovuta gari lake. Injini ilikwama kilimani, karibu kabisa na Kasumbalesa. Askari wa kizuizi walipomwona amesimama, walikuja kumsukumia gari.

"Balikuja kusaidia tu," alirudia rudia. "Kusaidia tu."

Ndani ya buti Yaya akakohoa. Hatukumwona tena, wala kaburi lake.

Papa aliifungua injini peke yake, alikataa nimsaidie. Silinda tatu zilikuwa safi. Kutoka ya nne alitoa pete ambazo ncha zake zilikuwa zimekutana, zinang'aa kama kioo. Mama alisimama mlangoni.

"Nini iliharibika?"

"Ni mukono yangu," papa alisema. "Sikupima muzuri."

Mama aliamini. Tangu siku ile hakumwandalia tena kwa mkono wake. Alipakua chakula, akakiacha jikoni, nami ndiye niliyempelekea papa sahani, nikidhani hajui kosa ni langu.

Miaka mingi baadaye, mjini Ndola, Zambia, nilipanga nyumba moja na fundi mzee. Nilimuuliza, kama anayeuliza jambo la kawaida, ncha za pete zikikutana fundi anajuaje kosa liko wapi. Akacheka. Alisema zinaonyesha zenyewe ni silinda ipi na kosa ni la nani. Fundi hana haja ya kuuliza.

Nilipanda lori kurudi Lubumbashi ili nimwambie papa kuhusu wembe. Nilimkuta mezani peke yake, mama yuko jikoni. Nikamwekea sahani, nikabaki nimesimama.

"Papa," nikasema.

Hakuinua macho. Alisogeza sahani katikati yetu, akaniita kwa jina ambalo baba wa kwetu humwitia binti yake.

"Ikala, mama. Ukule kwanza."

Nikakaa, nikala.