Sanda Iliyopanda Basi Peke Yake

Mie kamera sizichukii. Nnawachukia waliokaa nyuma yake, maana kamera haicheki.

Maskati hatuna treni za chini ya ardhi, lakini kituo kipya cha mabasi kilipofunguliwa kilitiwa mageti, mashine za kupitishia mikoba na kamera kila nguzo, mambo ya hizo treni ambazo wakubwa wanazipanda wakienda kutembea Ulaya. Spika zinapiga kelele kutwa, kwa Kiarabu na Kiingereza: ukiona mzigo usio na mwenyewe, toa taarifa. Sisi tukisikia tukicheka. Kwetu hakuna mzigo usio na mwenyewe. Mtu wa Kurayyat, mji wa pwani, akitaka kukutumia papa mkavu au tende, anampa dereva, unawekwa kiti cha mbele cha wanawake, anakupigia simu, nawe unakwenda kuupokea. Ndivyo tulivyoishi miaka yote.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa anakufa nyumbani kwetu Khuwair ya Kusini. Nnalisema wazi kwa sababu mwenyewe akilisema wazi kila asubuhi: "Mie nnakufa, na chai yenu bado maji ya kuoshea vyombo." Alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. Hakuwa akitaka tena chakula wala dawa. Akitaka sanda yake.

Aliinunua Makka alipokwenda Hija, akaiosha kwa zamzam, akaifukiza udi, akaikunja na vipande vya karafuu maiti, ile kafuri ya kutilia sanda, kisha akampa mdogo wake wa Kurayyat amwekee. Hao wawili waliahidiana tangu wasichana Unguja kuwa atakayetangulia ataoshwa na mwenzake. Anayekuosha ndiye anayekutunzia sanda, na huyo mdogo wake, bibi mdogo tunavyomwita, alikuwa akiitoa kila Ramadhani, akiifukiza upya, akiirejesha kabatini.

Tulipompigia simu kuwa hali si nzuri, gari ya mjukuu wake ilikuwa gereji mpaka kesho yake, na yeye mwenyewe magoti hayamchukui kupanda basi. Akaogopa dada yake asije akatangulia kabla ya sanda. Akaamua itangulie kwa basi, yeye afuate. Dereva akamwambia kuna sheria mpya, kila mzigo uandikwe jina na nambari ya simu. Bibi mdogo akakataa. Jina la mtu aliye hai haliandikwi kwenye sanda yake, ni kama kumharakisha. Akaliacha begi la sanda kitini, akamwambia dereva mjukuu wangu atakuja, akaenda zake.

Mie nilikuwa kituoni mapema, lakini bila tiketi hupiti getini. Nikasimama nje ya kioo. Basi likaja wakati wa adhuhuri, abiria wakashuka, dereva akenda kusali. Mfagizi akapanda na fagio lake, akaliona begi limekaa peke yake, akashuka mbiombio. Punde spika zikabadilika sauti, watu wakaanza kusukumwa nje, utepe ukavutwa.

Nikamwambia askari wa getini kuwa begi lile letu. Hapo ndipo nilipojiponza. Badala ya kunipisha alizungumza na redio yake, na mara nikawa ndani ya chumba cha skrini, akaitwa askari mwanamke anipekue. Mwanamke yule sura yake ya kwetu kabisa. Na nilimsikia kwa masikio yangu mlangoni mwa kituo, kabla basi halijafika, akimgombeza mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja. Nikamwambia, "Dada yangu, waelezee. Sanda ile, ya bibi yangu."

Akanijibu kwa Kiarabu, bila kunitazama, "Lugha hiyo siijui."

Nilitamani kumzaba kofi. 

Mkubwa wao alikuwa kijana nadhifu, kilemba kimemkaa vizuri, anauliza kwa upole kama daktari. Begi lako? Nikasema la bibi yangu. Ulilifunga wewe? Hapana. Basi umejuaje kilichomo? Nikamwambia nnajua kwa sababu nnaisubiri. Akanirudishia picha kwenye skrini, mie mwenyewe, na baibui langu, nimebandika uso kwenye kioo, natazama basi, natazama simu, natazama basi.

"Mbona una wasiwasi hivi?"

"Bibi yangu anakufa."

"Kila mtu ana mtu wake anayekufa," alisema, wala hakusema kwa ubaya. Aligeukia skrini nyingine.

Huko nje walikuwa wameshamleta mbwa. Akapandishwa basini, akanusa begi, akapiga chafya, kisha akakaa kitako. Chumba kizima kikainuka vitini, maana mbwa akikaa ndiyo alama kuwa kuna kitu. Nikawaambia ni karafuu maiti, inamchoma pua. Nikasema kwa Kiarabu, nikarejea tena, nikapandisha sauti. Yule mwanamke akanibana bega nikae chini. Watu wawili wamevaa mafulana mazito wakalikokota begi kwa mti wenye ndoana mpaka chini kwenye lami, wakalipasua. Kikatoka kitambaa cheupe, kipande baada ya kipande, juu ya mafuta yaliyovuja ya mabasi. Mbwa akavutwa anuse tena. Akatia pua yake iliyorowa, akasimama juu yake na miguu yote minne. Nyuma ya utepe watu walikuwa wameinua simu zao wanapiga picha.

Chumbani mtu mmoja akaangua kicheko, wakafuata wengine, kile kicheko cha watu waliopumua baada ya hofu. Mkubwa wao akasema, "Kumbe sanda kweli," kwa unyonge, kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Mie nilikuwa nalia. Askari yule mwanamke akaniinamia sikioni na Kiswahili chake kikamrudi.

"Usilie, dada. Sanda zinauzwa."

Nikapewa ya bibi kwenye mfuko mweusi wa taka. Salama sasa, wakasema, unaweza kuichukua.

Nyumbani sikumpitia bibi. Nilipanda juu darini na ndoo. Kilichoguswa na mate ya mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, hilo kila mtoto anasomeshwa chuo cha Kurani. Nikaiosha mara zote saba. Kwa jua la Maskati ilikauka upesi, nyeupe, tohara, lakini harufu yote imekwenda. Nikaikunja vizuri nikampelekea. Bibi akaivuta mpaka puani.

"Hii si yangu."

Nikamwambia ni yako, bibi, askari walilifungua begi, ikachafuka, nimeifua. Sikumtaja mbwa. Ningemtajaje?

"Askari Waislamu wafungue sanda ya mtu? Hapa Maskati?" Alinitazama kwa huruma, kama mie ndiye mgonjwa. "Unamkingia kifua mdogo wangu. Yangu kaitumia. Kamzika mtu nayo, kisha kaninunulia hii ya dukani." Akaisukuma kwa nyuma ya mkono.

Jioni hiyo hiyo kipande cha video kiliingia kwenye kundi la simu la ukoo wetu. Mtu hata hajui kuwa ni sisi, kakirusha na nyuso za kicheko: mbwa kakamata sanda isiyo na maiti. Nilikasirika, kisha nikashukuru. Angalau ushahidi ninao.

Bibi mdogo akafika asubuhi, ameshikwa huku na huku. Nikamsimamisha ukumbini nikamwelezea yote, nikamwonesha video, nikamwambia twende tumwoneshe, atakuamini. Aliitazama mara moja. Alipomwona mbwa alifumba macho.

"Akione hichi, atakufa akijua anazikwa na nini?"

"Lakini anakusingizia."

"Nisingiziwe mie," akasema. Akanirudishia simu, akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Dada, niliitumia. Jirani alikufa ghafla, fukara, nikamzika nayo. Nisamehe."

Nilikuwa mlangoni na simu mkononi. Ningeweza kuingia.

Bibi hakupandisha sauti. "Toka," alisema. "Na usinioshe. Nimesema mbele ya mjukuu wangu, usije ukanigusa." Akageukia ukutani. Hakumgeukia tena mpaka roho ikamtoka Ijumaa, na yule mdogo wake akikaa siku zote hizo ukumbini, akisikiliza pumzi yake kupitia pazia.

Usia wa maiti hauvunjwi. Akaja mwoshaji wa mtaani, mwanamke hatumjui, nikampa sanda ile ile niliyoifua, akafunga mlango. Bibi mdogo akakaa uani kwenye kiti cha plastiki, mikono ameipakata, mikono iliyokwishaandaliwa kazi hiyo tangu Unguja. Hakulia. Mwoshaji alipomaliza nilitoka kumwita aje atazame uso, akatikisa kichwa, maana aliambiwa asiguse na aliogopa mkono wake usije ukamtoroka.

Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Imemtosha?"

Nikamwambia imemtosha, bibi.