Nilidhani Ni Suti Tu

Naandika haya uso wangu ukiwa bado wa moto, ingawa imeshapita miezi minne, na nawaomba mcheke sasa hivi mmalize, kwa sababu huko mbele kuna mahali mimi mwenyewe sikucheka. Kosa langu lilikuwa dogo sana. Nilinunua nguo, nikaona haya kumwonyesha mtu. Basi. Mengine yote yalikuja yenyewe, kama maji ukishaufungua mfereji.

Kaka yangu Elibariki alikuwa anamwoa Neema, binti wa Machame, sisi ni wa Old Moshi. Wiki mbili kabla ya harusi kwao Neema wakaandaa sendofu ya kumuaga binti yao, na kaka akaniambia, "Dogo, siku hiyo unakaa na sisi meza ya mbele. Tafuta suti nyeusi, nyoa nywele, uje kama mtu." Mimi mnavyonijua ni mtu wa kukata majani ya ng'ombe na kukamua, nguo zangu ni gambuti na sweta, na suti sijawahi kuvaa tangu nizaliwe (hata siku ya kipaimara niliazima shati la jirani). Meza ya mbele peke yake ilitosha kuninyima usingizi. Lakini baba yetu alishafariki na kaka ndiye aliyenilea, nitamkataliaje?

Nikashuka mjini kwenye mitumba. Muuzaji akanitolea nyeusi mbili. Moja ilikuwa ya kawaida, imepoapoa, na ilinikaa vizuri. Ya pili kola yake iling'aa kama mgongo wa mende, vifungo vyake vimevikwa kitambaa, na suruali ina utepe wa kung'aa pembeni kutoka kiunoni mpaka chini. "Hiyo ya mabosi, mangi," yule muuzaji akasema, "na tai yake hii hapa, ya kipepeo, nakuongezea." Nikachukua ya kung'aa. Nilifikiri suti ni suti, na inayong'aa ni suti iliyo mpya zaidi.

Nyumbani nikaificha chini ya godoro, sikumwonyesha hata mama. Nilipoijaribu nikagundua suruali haina vile vitanzi vya kupitishia mkanda, nikalaani kimoyomoyo aliyevikata (nilidhani ni mwenye nayo wa kwanza, mchoyo, kavikata abaki navyo), na kwa kuwa ilinipwaya nikaifunga na kamba ya katani, ileile ninayofungia majani.

Siku ya Jumamosi wenzangu walitangulia, mimi nilibaki kumaliza ng'ombe, nikafika Machame kwa bodaboda kama saa nane mchana, sweta juu ya koti kwa sababu ya vumbi na, niseme ukweli, kwa sababu ya haya. Maturubai yalikuwa yamejaa watu mpaka kwenye migomba. Aliyenipokea ni Godlisten, rafiki wa kaka, ambaye ndiye angemsimamia siku ya harusi. Akasema vua hilo sweta, unaonekana kama mlinzi. Nikavua. Godlisten akanitazama juu mpaka chini. Akanizunguka mara moja.

"Aisee. Nani kakwambia uvae tuksedo?"

"Tuk... nini?"

"Hii siyo suti, dogo. Suti kola yake ni kitambaa kilekile cha koti. Hii kola ina hariri, umeona? Vifungo vimefunikwa. Suruali ina utepe, na haivaliwi na mkanda, ndiyo maana haina vitanzi. Na hicho kipepeo shingoni. Huku kwetu hii anavaa bwana harusi, na anayemsimamia, tena siku ya harusi. Leo kaka yako mwenyewe kavaa suti ya kijivu!"

Nikahisi jasho likishuka mgongoni mpaka kwenye kamba. Nikamuuliza kama nivue koti nibaki na shati. Godlisten akafunua pembe ya koti, akaiona ile katani, akafunika haraka kama mtu aliyefunua sufuria ya watu. "Usivue," akasema. "Kaa tu, usisimame, usitikisike. Hakuna atakayekuona."

Sasa mnajua kwenye sendofu kuna ule mchezo wa binti kumtafuta mchumba wake. Anafichwa kati ya watu, muziki unapigwa, binti anapita meza kwa meza mpaka ampate, ndipo ampeleke kwa wazazi. Kaka walikuwa wamemficha nyuma, kwa wachoma ndafu, yule mbuzi mzima wa sherehe, wamemvika aproni juu ya suti yake. Na sisi upande wa bwana harusi tulikuwa tumeapishwa na baba mdogo (ndiye anayesimama mahali pa baba yetu) kwamba atakayeonyesha alipo, hata kwa jicho, atatozwa faini ya mbuzi. Kwa hiyo meza yetu nzima ilikuwa imebana midomo.

Neema akaanzia meza za mbali, anacheza, anachungulia watu nyuso, wenzake wanampigia vigelegele. MC alikuwa kijana wa kukodiwa mjini, hamjui mtu hata mmoja. Akaona mambo yanakawia, akamgeukia bibi yake Neema, mama mzazi wa baba yake, kikongwe aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha heshima na blanketi magotini. "Bibi! Macho bado yapo? Hebu tusaidie kumtafuta mkwe!"

"Yapo!" bibi akajibu, watu wakashangilia. "Nimeoza wajukuu kumi na mmoja mimi. Bwana harusi hajifichi kwangu."

Akanyanyuka na fimbo yake. Nilimwona anakuja. Baadaye nimeambiwa macho yake yanaona ukungu tu na vitu vinavyong'aa, na katika harusi zote kumi na moja mwanamume wa kola ya kung'aa alikuwa ndiye. Hakukosea kwa ujinga, alikosea kwa kujua. Alipita watu wote waliovaa suti kama anapita migomba, akaja akasimama mbele yangu, akaushika mkono wangu wa kulia.

"Huyu hapa."

Maturubai yakalipuka kwa kelele. MC akaongeza muziki. Watu wetu wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakidhani ni utani wa bibi, na kwa ajili ya ile faini hakuna aliyefungua mdomo kusema siye. Nikasema, "Bibi, mimi siye," lakini nilisema kwa sauti yangu ile mnayoijua, ambayo hata ng'ombe husikia mara ya pili. Bibi akanivuta nisimame. Nikasimama, mkono wa kushoto nimeshika suruali, maana kamba ilikuwa imeanza kulegea, na kwa nini sikukimbia mtaniambia ninyi, mtu unakimbiaje ukiwa umeshika suruali?

Nilidhani ataniachia pale mbele. Badala yake akaagiza kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na muziki ukazimwa. Bibi akanywa kidogo, akaninywesha na mimi. Akaanza kusema Kichagga cha Machame, taratibu, kichwa changu kikiwa chini, kwamba nikae na mke wangu kama mgomba na chipukizi lake, nisikauke, nisianguke kwa upepo. Mzee akishaanza kubariki hakatizwi. Hilo nimefundishwa tangu sijui kutembea. Kila neno nilijua ni la kaka yangu, na kila neno nililipokea mimi. Akamaliza kwa kunitemea mate kidogo kwenye kola, pale panapong'aa, kama wazee wetu wanavyobariki.

"Yeleuwii! Bibi, huyo ni shemeji yangu!"

Ni Neema, ndiyo kwanza amefika, na kipaza sauti cha MC kilikuwa karibu naye. Watu walicheka mara moja, cheko kubwa, halafu likakatika, kwa sababu Baba Neema alikuwa amesimama na hakuwa anacheka. Kaka alitokea nyuma na aproni yake na kisu cha ndafu mkononi. Wakamweleza bibi sikioni. Akauachia mkono wangu polepole.

"Nimeshatema," akasema. "Mate yakishatoka hayarudi mdomoni."

Hakusema tena siku ile, wala hakula. Ndafu ikaletwa, ikakatwa, sikumwona aliyeifurahia. Baba Neema akamwambia baba mdogo kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko ukali, "Mama yangu habariki jambo moja mara mbili. Na binti yangu hatatoka hapa bila baraka ya bibi yake. Nendeni mkafikiri." Neema alikuwa analia kwenye bega la mama yake. Kaka aliniuliza swali moja tu tukiwa tunaondoka:

"Dogo, hata 'siye' ilikushinda?"

Jumapili nilirudi kwa ng'ombe. Nilikamua, nikamwaga maziwa. Nilikuwa nafikiri hivi: mtu amenisomesha mpaka darasa la saba kwa kubeba mizigo ya wageni mlimani, na mimi nimemchukulia baraka ya ndoa yake kwa sababu ya kola.

Jioni baba mdogo akaja akasema njia ni moja, isale. Ninyi wa huku mnajua, jani la isale likipelekwa kwa mtu uliyemkosea hawezi kulikataa bila kukusikiliza. Nikadhani atalipeleka yeye. "Mimi nimekosa nini?" akasema. "Utalipeleka wewe, na utasema wewe."

Jumatatu asubuhi akanisindikiza mpaka kwenye uzio wa Baba Neema, akabaki nje. Niliingia na gambuti zangu na sweta, jani mkononi. Bibi alikuwa anaota jua mlangoni. Nilirudia maneno yangu kichwani, yakapotea yote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Hakunijua! Nilitamani kusema nimepotea njia. "Ni mimi wa juzi," nikasema.

"Juzi walikuja watu wengi."

"Wa koti, Bibi."

Fimbo yake ikatulia. Nikapiga magoti nikampa isale, na sijui nguvu niliipata wapi, nikasema yote, godoro, mitumba, kamba ya katani, kwamba sikujua ile ni nguo ya bwana harusi, kwamba nilisema siye lakini nilisema kidogo, na kwamba kaka yangu hana kosa, kama kuna wa kunyimwa baraka ninyimwe mimi mpaka nife. Nilisema mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kumbe una mdomo," bibi akasema. Akaligeuza lile jani vidoleni. "Hilo koti liko wapi?"

"Nyumbani."

"Limefuliwa?"

Hapo nikakumbuka mama asubuhi alikuwa anachemsha maji.

"Nilichotema kiko kwenye kola," bibi akasema. "Sirudii. Lakini koti sikulikataza kuhama mtu. Kaka yako alivae siku ya harusi, hilohilo. Sasa unaniangalia nini? Nenda!"

Nilitoka mbio nikampita baba mdogo. Akapiga simu kwa mama, haikupokelewa (mama simu huiacha ndani ya kabati, isiibiwe). Bodaboda ilituteremsha mpaka mjini na kutupandisha Old Moshi, na njia nzima nilikuwa naomba maji yasichemke. Nilimkuta mama uani, mkono mmoja wa koti umeshazama kwenye beseni la povu, na mkono wake unaifuata kola.

"Mama, acha!"

Mama aliniambia baadaye kwamba alishtuka si kwa sababu ya koti. Alikuwa hajawahi kunisikia nikipiga kelele.

Kaka alioa. Tuksedo aliyokuwa amekodi aliirudisha, akavaa yangu ya mitumba, suruali nyeusi ya kwake mwenyewe, mikono ya koti ikiishia mbali kabisa na viganja, mmoja umepauka kwa sabuni, kifungo hakifungi. Kwenye picha zote amepanua mikono kidogo kama kuku anayetaka kuruka. Bibi alipofika mbele yake kanisani aliipapasa kola, akatikisa kichwa kukubali, Neema akalia tena, safari hii kwa kucheka.

Mimi nilivaa ile suti ya kijivu ya kaka, imenifunika mpaka vidole, lakini ina vitanzi na mkanda. Na nimeapa, nguo nisiyoijua naiuliza jina kabla sijaitoa dukani, hata muuzaji anicheke mbele za watu, kuchekwa na mmoja ni nafuu.

Nilikaa meza ya mwisho kabisa. Bibi akapita akishikiliwa na mjukuu wake, akasimama karibu yangu, akauliza, "Na huyu ni wa nani?"

Nikasimama kabla hajanyoosha mkono.

"Mimi ni mdogo wake bwana harusi, Bibi! Siye bwana harusi!"

Meza tatu ziligeuka kunitazama. Sikukaa mpaka aliposema amesikia.