Mfuko wa Bwana wa Benki

Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu Turffontein, huku ugenini, tulikuwa tunakusanya dawa za kupeleka Kongo kwa waliokumbwa na mafuriko. Bwana mmoja wa benki akatua mfuko wa dawa mezani. Muuguzi wetu akasoma kibandiko kimoja kimoja.

"Kaka, hizi zote muda wake umepita."

"Aah, dada, mtu wa mafuriko haangalii tarehe."

"Mwanao akiharisha utampa hizi?"

"Mwanangu ana bima," akajibu, huku akitafuta funguo za gari.

Nilimfokea, na sijutii. Muuguzi akautupa mfuko kwenye pipa. Hapo fundi cherehani mmoja, ambaye mtoto wa dada yake anaharisha huko kwao Kongo, akainama akautoa.

"Mama, hii munatupa, munipatie miye. Kule hata hii haiko."

Yule bwana, akiwa mlangoni, akageuka na tabasamu: "Si mnaona?"

Tuliona. Fundi alikuwa anachagua kati ya dawa mbovu na kukosa kabisa. Bwana alikuwa anachagua azitupe kwenye pipa lake au kwetu.

Muuguzi akamnyang'anya fundi ule mfuko. Cha kumpa badala yake, mezani kulikuwa na bandeji tu.