Nyuma ya Pazia la Kliniki

Mkwe hakuoni chini ya kiuno. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Mzee Maneno, mkulima wa kabichi wa Mgeta, aliishika kuliko zote, na aliishika hata mahali ilipopaswa kuwekwa kando.

Saratani ya njia ya choo walimpasua mara ya kwanza miaka miwili iliyopita. Waliikata, wakauunga utumbo, akarudi kwenye matuta yake. Aliwekewa sharti moja: kila miezi mitatu ashuke Morogoro mjini apimwe kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, maana ugonjwa ule una tabia ya kurudi palepale ulipotolewa. Mwaka wa kwanza alipimwa bila kukosa. Kisha tabibu wa kliniki akahamishwa, na aliyepangwa badala yake akawa Halidi, mume wa binti yake Shadya.

Shadya alifurahi. Aliona baba yuko mikononi mwa mtu wa nyumbani. Kila baada ya kliniki mzee alipita kwao kunywa chai.

"Baba, wamekupima?"

"Wamenipima."

"Wanasemaje?"

"Wanasema nina afya kuliko mumeo. Mtazame alivyokonda. Huyu unamlisha kweli?"

Halidi aliinamia kikombe chake. Shadya alicheka peke yake.

Baada ya kliniki ya tatu ya Halidi, Shadya alimkuta baba nyuma ya nyumba anajifulia suruali, maji ya beseni yamegeuka mekundu. Mzee alisema ni bawasiri tu. Shadya hakubishana naye. Alimpeleka Dar es Salaam kwa Dokta Rahel, mpasuaji, na vipimo vikaonyesha saratani imerudi.

Daktari aliwachorea kwenye karatasi. "Uvimbe huu ungekuwa mdogo, tungeingia kwa matundu. Matundu manne matano tumboni, kamera kwenye moja, tunautoa, na baada ya siku chache mgonjwa yuko kwake. Huu umeshika mfupa wa nyuma. Itabidi tufungue tumbo lote, na choo atatolea kwenye mfuko ubavuni, maisha yake yote." Akafunua faili la kliniki ya Morogoro. "Ila hapa pameandikwa mara tatu kwamba amepimwa kwa kidole, hakuna kitu. Nani alimpima?"

Saini ilikuwa ya Halidi.

Waliporudi Morogoro, Shadya aliwakalisha wote wawili sebuleni.

"Halidi, ulimpima baba?"

Halidi alimtazama mzee. "Aliingia nyuma ya pazia, akakaa kitandani, kofia mkononi. Akaniuliza habari za watoto. Ningemwambiaje baba avue?"

"Si ungemwita tabibu mwingine?"

"Angeona nimemkataa."

"Usimgombeze mwenzio," mzee aliingilia. "Mimi ndiye niliyemwambia niko salama. Damu nilikuwa naiona. Angenigusa, ningekuja tena kunywa chai hapa kwa uso gani?"

"Kwa hiyo nyuma ya pazia mlikuwa mnaongea kabichi."

"Na mvua," alisema mzee. Hakuna aliyecheka.

Shadya hakujua amkasirikie nani kwanza. Mmoja alificha damu, mwingine akaificha kwa wino, na kila mmoja alijiona ana adabu. Lakini aliyeandika "hakuna kitu" bila kugusa ameandika uongo, na mgonjwa aliyejua na kunyamaza ni mwenzake katika uongo huo. Hakuna adabu inayousafisha. Kliniki ilikuwa na matabibu wengine wawili, ng'ambo ya korido. Neno moja tu la yeyote kati yao lingetosha.

Mzee Maneno alipasuliwa mwezi uliofuata, kutoka juu ya kitovu hadi kinenani. Uvimbe ulitoka, ila kidonda kilichukua wiki tisa kufunga. Sasa anaishi mjini kwa Shadya, kwa sababu hawezi tena kuupanda mwinuko wa Mgeta, na matuta yake yanalimwa na wapwa zake. Miezi tisa ya kustahiana ilimgharimu njia yake ya choo na shamba lake.