Udi na Marashi Kwenye Uwanja wa Raga

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliondoka Maskati kwenda Ibra, Sur na Nizwa kwa sababu moja tu: mdogo wangu Nasor alikuwa amenyimwa mke. Wengine watawaambia kuwa tulikwenda kueneza michezo, na tajiri wetu ndivyo anavyosimulia mpaka leo. Mimi nilikuwemo ndani ya basi, na nawaambieni tulikwenda kutafuta mke.

Tajiri huyo alikuwa mkandarasi wa barabara, nami nilikuwa karani wake. Alikwenda Uingereza kutibiwa goti, akapelekwa kutazama mchezo wa raga, akarudi na goti lile lile na wazimu mpya. Akaunda timu ya kulipwa kutokana na mainjinia na madereva wake, akaiita Wekundu. Baadaye akagundua kwamba timu moja haina wa kucheza naye, akaunda ya pili, Kijani. Nasor, aliyelelewa Nairobi kwa mjomba wetu na kujifunza raga skuli, akaacha kazi yake ya ofisini akaingia Kijani. Akawa na furaha ya mtoto siku ya Idi, mpaka tulipokwenda kumposea Shamsa, binti wa Ami Seif wa Nizwa.

Ami Seif ni mtu wa Unguja ya zamani. Dishdasha zake, kanzu za Kiomani, huzipiga pasi mwenyewe kwa sababu hamwamini dobi yeyote wa Oman nzima. Alisikiliza posa yetu kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kijana anafanya kazi gani. Nikamweleza.

"Kwa hivyo, Bi Raya, analipwa mshahara kwa kuangushwa?"

"Na kwa kuangusha, Ami."

"Wallahi hiyo si kazi. Kazi ni kitu ambacho watu wazima, wenye akili zao, watatoka majumbani na wake zao na watoto wao, wakae wakitazame kwa heshima. Siku nitakayoona hivyo kwa macho yangu, njoo uchukue jawabu."

Niliporudi ofisini nilimkuta tajiri naye analalamika kwamba mechi zake zinatazamwa na wake wawili watatu wa mainjinia, nao wanasoma vitabu. Yeye anataka familia, mimi nataka familia. Nikamwambia Maskati kumeharibika, watu wa heshima wako bara. Akanipa basi, timu zote mbili, mapipa ya sharubati na spika ya kufunga juu ya gari.

Alfajiri tuliondoka. Tajiri aliamuru Wekundu wakae kulia na Kijani kushoto, wasije wakazoeana wakacheza kwa kuoneana haya. Wazito wote walikuwa Wekundu. Basi likalala upande wa kulia tangu Bidbid mpaka Ibra, na dereva akaendesha na kichwa chake amekiinamisha kushoto, ati anasaidia.

Ibra, baada ya sala ya Alasiri, tulicheza kwenye uwanja wa changarawe karibu na wadi, bonde la mto mkavu. Spika ilitangaza tangu asubuhi. Familia hazikuja. Walikuja wazee wa kiume tu, fimbo mkononi, wakiongozwa na mwenyeji wetu Mzee Khalfan, ambaye mchana alitulisha wali na nyama mpaka mainjinia wakaanza kusinzia. Mchezo ulianza. Wachezaji wakainama, wakashikana mabega, wakasukumana. Mzee Khalfan akasimama. Wazee wote wakasimama. Nikafikiri wamevutiwa.

Waliingia uwanjani moja kwa moja, wakawatenganisha watu wale mmoja mmoja, kwa upole, kama mtu anavyochambua mchele. Mzee Khalfan akauchukua mpira akauweka kwapani.

"Ami, huu ni mchezo," nikamwambia.

"Mwanangu, hawa wamekula kwangu. Wageni wangu hawapigani mji huu nami nimekaa kitako natazama. Kinachogombaniwa kitakaa kwa mtu mwaminifu mpaka wapatane."

"Lakini hawakugombana."

"Nimewaona kwa macho yangu, Bi Raya. Yule mmoja alimkamata mwenziwe miguu."

Mpira ukafungiwa kwenye sanduku la mbao la njumu za shaba chumbani kwake. Tukakalishwa mkekani, kahawa na tende zikapita, kila upande ukaulizwa unadai nini. Nahodha wa Wekundu, injinia wa madaraja kutoka Wales, akasema anadai kwamba Kijani walikuwa wameotea. Jambo hilo likajadiliwa mpaka jua likaelekea kuzama. Mwishowe manahodha wawili wakagusanishwa pua, kama waungwana wa mkoa ule wa Sharqiya wanavyosalimiana, na asubuhi tukarudishiwa mpira wetu. Mzee Khalfan aliugeuzageuza, akaniambia kwa siri kwamba umepotoka umbo na huenda hiyo ndiyo asili ya ugomvi wote.

Kufika Mintirib, ambako lami ilikuwa imefunikwa na mchanga wa jangwa la Wahiba, basi letu lililolala upande likazama. Wachezaji wakashuka. Wakainama, wakashikana mabega, wakasukuma. Mara Mabedui wakatokea kwenye mahema yao, na wake zao, na watoto, na mbuzi wao; wakakaa chini wakatazama kwa heshima kubwa. Basi liliponasuka walipiga makofi. Nikaona bahati ndiyo hii, nikamwambia Nasor atoe mpira haraka. Walipouona mpira wakajikung'uta mchanga, wakarudi mahemani kwao.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nasor hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya basi, mpira mapajani, akaniuliza, "Da Raya, ikiwa Nizwa nako hawaji?" Nikamwambia watakuja. Sikuwa na hakika hata kidogo, na moyo uliniuma kumdanganya.

Sur tulipokelewa vizuri, ila wakubwa wa mtaa walitaka neno moja tu. Magoti. Wanaume wazima hawawezi kuonyesha mapaja mbele za watu halafu wakataraji wanawake watakuja. Neno la haki. Tukaazima vikoi nyumba hadi nyumba, kila mchezaji akafunga chake juu ya kaptula.

Sijapata kuona mchezo wa adabu kama ule. Mtu akikaribia kuangushwa, alishika mpira kwa mkono mmoja na kikoi kwa mkono wa pili. Refa alipiga filimbi kila kikoi kilipolegea, na wachezaji wote wakageuza nyuso mpaka mwenziwao ajisitiri. Jone wa Wekundu, dereva mmoja wa greda kutoka Fiji, mkubwa kuliko mlango wa msikiti, alikimbia uwanja mzima na mpira, lakini kikoi chake kikabaki katikati, na refa akaamua kwamba alama ihesabiwe pale kilipobaki kikoi. Watazamaji walikuwa wenye vikoi wenyewe, wamekuja kuhakikisha havichaniki.

Jioni nilimuuliza mwenyeji wangu Bi Moza, mke wa mfanyabiashara wa Sur, kwa nini hata yeye hakuja.

"Nani kaniita?"

"Spika imepita hapa mlangoni pako mara ngapi, Bi Moza!"

"Spika imepita, ndio. Spika imeambia mtaa. Mie Moza nani kaja kanikalia hapa, kanishika mkono, kanambia njoo? Watu wa heshima hawendi pahala hawakualikwa, mwanangu. Haya hukuyajua? Umezaliwa wapi weye?"

Niliona haya. Mwaliko ni mtu, aje kwa miguu yake, anywe kahawa yako. Hilo nililijua tangu utotoni, nikasahaulishwa na umeme.

Samad Ash Shan, njiani kuelekea Nizwa, tulimchukua shangazi yetu Zuhura, aliyekuwa akiishi huko kwenye mashamba ya mitende. Zamani Unguja hakuna harusi ya ukoo wetu iliyopita bila yeye kutumwa kualika, nyumba hadi nyumba, na mrashi wa marashi mkononi. Nikamweleza kisa chote. Akasikiliza, akavaa buibui lake zuri, akachukua mrashi, akapanda basi, akakaa upande wa Kijani. Basi likanyooka kwa mara ya kwanza.

Nizwa shangazi alialika siku mbili. Na nataka ijulikane kwamba alisema kweli tupu. Kila nyumba aliingia, akanywa kahawa, akawarashia marashi, akasema, "Mnaalikwa Alkhamisi alasiri na watoto wenu, kumtazama Nasor wetu anacheza mpira." Wanawake wakamtazama. Hapa yuko shangazi wa mwanamume ambaye hajaoa, aliyemposa binti wa Ami Seif; yuko na mrashi; anapita nyumba hadi nyumba. Mpira? Wakakonyezana. Wakafahamu kwamba anaficha kwa kuogopa kijicho, na mwenye harusi ana haki ya kujikinga. Kila alipozidi kuapa kuwa ni mpira, walizidi kumsifu kwa siri yake.

Alkhamisi, uwanja ulijaa. Pikapu zilikuja kwa msururu, na magari kutoka mlima wa Jabal al Akhdar yenye mapipa ya maji ya waridi. Wanawake wamevaa dhahabu mpaka viwiko, vyetezo vinafuka udi, masinia ya halua yanapita, ngoma zimepashwa moto. Tajiri alilia waziwazi. Akanishika pindo la shela akasema, "Raga imefika Oman!" Sikuwa na moyo wa kumwambia kilichofika ni nini.

Nyuma ya pikapu zote akaja Ami Seif kwa miguu, dishdasha nyeupe pe, uso umeiva. Sokoni kutwa nzima watu walimpa mkono wa mabruk, wa hongera, naye hana habari.

"Bi Raya, umenitega."

"Shikamoo, Ami. Wallahi sikukutega. Tumewaambia mpira."

"Marahaba. Mji mzima unaniuliza mahari!" Akageuka akaona watu wazima wenye akili zao, na wake zao, na watoto wao, wamekaa. Akavuta kiti akakaa.

Mchezo ukaanza, na kila Nasor aliposhika mpira vigelegele vilipasua anga. Mchezaji mmoja wa Wekundu alipojaribu kumgusa, bibi mmoja aliingia uwanjani na fimbo akamuuliza kama hana mama. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Nasor alitembea na mpira hadi mwisho wa uwanja, polepole, akirashiwa marashi njia nzima, akauweka chini. Kisha akina mama wakauliza kadhi yuko wapi.

Ami Seif aliinuka. "Nimetoa neno na neno langu liko pale pale. Nilisema watu wakae waitazame kazi yake. Wamekaa. Lakini hawakutazama kazi, wametazama bwana harusi. Hapa hamna jawabu, Bi Raya. Labda binti mwenyewe aseme."

Nilikwenda kwenye hema la wanawake, pembeni mwa uwanja. Nasor alinitazama kutoka katikati ya uwanja, ameloa marashi, na nikajua kwamba nikirudi na hapana, hatanilaumu, na hilo ndilo litakalonimaliza. Shamsa alikuwa amekaa kando ya mama yake, macho makavu. Alikuwa akisomea ualimu, msichana wa maneno machache. Nikamuuliza.

"Bi Raya, baba anasema ni mtu wa kuangushwa. Mbona sijaona akiangushwa?"

"Wanamwonea haya, mwanangu."

"Mie sitaki mtu anayeonewa haya. Mwambie yule mkubwa amwangushe khasa. Nnataka kuona akiinuka."

Nikapeleka maneno hayo. Jone aliyasikia, akamtazama Nasor, Nasor akaitikia kwa kichwa. Bibi wa fimbo akashikwa na watu wawili. Nasor akakimbia safari hii, hakutembea, na Jone akaja kutoka upande, akambeba kiunoni, akamtupa chini hata vumbi likawafunika wote wawili. Ngoma zikakatika. Udi tu ndio uliokuwa ukifuka. Mimi nilikuwa nimejiziba uso kwa shela, nasoma kila dua niijuayo.

Akainuka, pua inamtoka damu kidogo, mpira ungali kwapani. Akaendelea kukimbia.

"Basi," alisema Shamsa. "Mwambieni baba nimekubali."

Baada ya sala ya Magharibi walifungishwa ndoa kwenye msikiti wa jirani. Nasor hakuwa na nguo zaidi ya jezi, kwa hiyo Ami Seif alituma nyumbani ikaletwa dishdasha yake mwenyewe, aliyoipiga pasi. Akamkabidhi kwa mkono wake. Chakula kilikuwa kimekwisha pikwa na mji mzima; kingetupwa wapi?

Kurudi Maskati wachezaji walikaa walivyotaka, na basi likaenda sawa. Tajiri aliwaza njia nzima. Karibu na Bidbid akanigeukia, macho yanang'aa, akaniuliza ni wachezaji wangapi bado hawajaoa.

Nilichojifunza safari ile ni kile alichoniambia Bi Moza, kwamba watu huenda kwa mtu, hawaendi kwa kitu. Tajiri hakutaka kujifunza. Tulipokwenda tena Nizwa alipeleka spika, na uwanja ulikuwa mtupu, mbwa mmoja amelala kwenye mstari wa katikati. Wachezaji walikuwa wamekwisha anza bila ya matumaini wakati pikapu moja iliposimama. Akashuka Ami Seif, na mkewe, na Shamsa, na wajukuu, watoto wa dada yake Shamsa. Wakatandika mkeka, wakateremsha birika la kahawa.

"Shikamoo, Ami. Leo hukualikwa."

"Marahaba. Najua." Akanimiminia kikombe.

Uwanjani Jone akamdaka Nasor kiunoni, wakaporomoka pamoja. Ami Seif alisimama, mkono juu ya paji la uso, mpaka alipomwona mkwewe ameinuka. Kisha akakaa, akawanyamazisha wajukuu waliokuwa wakipiga kelele.

"Tulieni," aliwaambia. "Baba mdogo yuko kazini."