Siku Niliyovuka Mpaka na Kitambaa cha Shangazi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, nilikunja kitambaa cha kichwa cha shangazi yangu mara nne nikakitia mfuko wa ndani wa koti. Dakika hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza saa, na ukutani kwetu zilikuwa zinaning'inia saa tatu za wateja, zote zinakubaliana. Mke wangu Sekela alikuwa bado amelala. Jana yake jioni nilikuwa nimemwambia kwamba nakwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, kutafuta vipuri. Vipuri sikuwa navihitaji. Nilikuwa nakwenda kwa mganga.

Ngoja kwanza nikueleze nilikuwa nani wakati huo. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Shule niliishia darasa la saba. Mengine, ufundi na Maandiko pia, nilijifunza mwenyewe kwa kusoma nikiweka alama za penseli pembeni. Hapa Chapwa, mtaa wetu wa Tunduma, kanisani nilikuwa kiongozi wa sala ya alfajiri. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika saa niliyoamka, sura niliyosoma na siku nilizofunga. Daftari lenyewe silijutii. Najuta kwamba nilikuwa nalifungua mara kwa mara ili nijione.

Katika mwaka wa pili wa ndoa Sekela alipoteza mimba ya miezi mitano. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume. Kwa ukoo wetu shangazi wa baba mzazi ndiye anayemnyoa mtoto nywele za kwanza, na inafanyika siku ya saba. Basi shangazi Eda alikuja na wembe wake mpya na maji ya vuguvugu, akamnyoa mtoto taratibu huku akimwimbia. Siku ya tisa mtoto alifariki. Alishikwa na homa asubuhi, na kabla ya jua kuzama hatukuwa naye.

Kwenye msiba sikulia. Nilianzisha nyimbo mimi mwenyewe, nikasimama kaburini nikaomba kwa sauti isiyotetemeka. Watu wakaambiana, na mimi nikasikia, "Huyu kijana ni imara kweli." Mwanangu, nakwambia ukweli mchungu: maneno yale yalinipendeza. Nikayabeba hadi nyumbani, yakawa ndiyo chakula changu kwa wiki kadhaa.

Baadaye wafariji wakarudi makwao, turubai likashushwa, na nyumba ikabaki kimya. Hapo ndipo nilipoanza kupungua bila kujua. Kanisani niliendelea kuongoza sala ya alfajiri, ila nyumbani nilikuwa siombi tena. Daftarini niliandika "nimeomba" siku ambazo nilikuwa nimekaa tu kitandani nikitazama ukuta. Kama mtu angeniuliza ningemjibu kwamba namtegemea Mungu, na ningejiamini kabisa. Kumbe niliyekuwa namtegemea ni yule kijana imara waliyemsifu makaburini, na yule kijana alikuwa amechoka hana hata pumzi.

Kaka yangu Lameck alinikuta katika hali hiyo. Yeye ni mfanyabiashara wa mahindi, anavuka mpaka kila wiki, ana maneno mengi na moyo wa huruma. Alikaa kwenye benchi la kibanda changu cha kazi, akashusha sauti.

"Mdogo wangu, mimi nauliza tu. Mimba ya kwanza, nani alikuwa wa kwanza kumpaka Sekela mafuta tumboni?"

"Shangazi."

"Mtoto wa pili, nani alimgusa kichwa kwa wembe?"

Niliinamia saa niliyokuwa naitengeneza.

"Na yeye Mungu hakumpa mtoto. Hujawahi kufikiri?"

"Kaka, mimi ni kiongozi kanisani."

"Ndiyo maana nimekutafutia mganga wa ng'ambo. Nani wa kanisa lako atakuona Zambia? Na kwenda kuuliza si kuabudu. Anataka kitu alichokivaa shangazi, basi. Jibu likija tunajua la kufanya."

Ona jinsi neno hilo lilivyoingia. Halikuingia kwa ghadhabu. Liliingia kama msaada, mchana kweupe, kwenye benchi langu, likiletwa na mtu anayenipenda. Kama ingekuwa siku ya msiba ningelifukuza. Siku ile nililiacha likae.

Na kitambaa hakikuwa kazi kukipata. Tangu tulipozika, shangazi Eda alikuwa anakuja kwetu karibu kila siku. Alimpikia Sekela uji, akamfulia nguo, akamsuka. Siku moja alivua kitambaa chake akifua, akakisahau kwenye kamba. Nilikianua mimi. Sekela aliniona akasema, "Usisahau kumrudishia." Nikamjibu kwamba nitampelekea.

Jumanne hiyo nilitembea kwa miguu kutoka Chapwa nikifuata barabara kuu. Malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yetu, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Lameck alikuwa ametangulia kuvuka. Tulikubaliana anisubiri kwenye kituo cha mabasi cha upande ule. Nilipita kwa kijia cha watu wa miguu ambacho kila mzaliwa wa Tunduma anakijua. Ilikuwa saa moja na nusu nilipokanyaga upande wa pili, na nilijisikia mwepesi. Hakuna aliyeniona.

"Fundi saa! Leo umechelewa!"

Niligeuka. Shangazi Eda alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni la maharage kutoka Isansa mbele yake na chupa ya chai miguuni. Siku zote alikuwa anauzia upande wetu, sokoni. Sikuwahi kumwona amekaa mahali pale.

"Shikamoo, shangazi," nilisema, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa koti.

"Marahaba, baba. Kaa." Alikuwa akiniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. "Kaa bwana, chai inapoa. Unanitazama kama afisa wa kodi."

Nikakaa juu ya gunia. Akanimiminia chai, akanipa kiazi kitamu kilichofungwa kwenye karatasi. Mteja mmoja Mzambia akapita, shangazi akamsalimu kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," wakavutana bei, akampimia makopo mawili ya maharage, akamwongezea kidogo. Aliporudi kwangu uso wake ulikuwa umebadilika. Haukuwa mkali. Ulikuwa uso wa mtu aliyelala kidogo.

"Kiazi hukigusi."

"Sina njaa, shangazi."

"Utakuwaje na njaa, na safari yenyewe ni hiyo." Akaweka kopo la kupimia chini. "Lameck alimwambia mke wake. Mke wake jana alishindwa kulala na hilo neno, akanifuata. Nimekaa hapa tangu saa kumi na mbili. Nilijua ukivuka utapita hapa."

Mwanangu, nimewahi kuumwa malaria mpaka nikapoteza fahamu, lakini sijawahi kuhisi baridi kama niliyoihisi pale, jua likiwa linawaka. Nilitoa kitambaa nikakiweka juu ya magoti yake. Yeye alikitazama, akakikunjua, akakinyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha nguo anapoanua.

"Unaamini niliwaua?" aliuliza.

"Sijui ninaamini nini, shangazi."

"Hilo nalikubali. Ungesema 'hapana' haraka haraka ningekuona mwongo."

"Kwa nini hukuja nyumbani kunigombeza?"

"Nyumbani yuko Sekela. Unafikiri angelisikia hilo neno, siku moja lingemtoka? Kila nikimpikia uji angekuwa anautazama huo uji." Hapo akafuta macho kwa kile kile kitambaa. "Mimi waniseme. Nimeshasemwa tangu nilipoolewa sikuzaa, nimezoea. Lakini yule binti hana mama hapa. Mimi ndiye mama aliyenaye. Ukirudi na jina langu kutoka kwa huyo mtu, utakuwa umemzika mtoto na mama wa Sekela mwaka mmoja."

Hapo nilielewa kile nilichokuwa nimekibeba. Nilikuwa nadhani nakwenda kutafuta sababu ya kifo. Kumbe nilikuwa nakwenda kumnyang'anya mke wangu mtu pekee aliyemsaidia kuamka asubuhi.

Nikaanza kulia. Nililia mbele za watu, njiani, katika nchi ya jirani, kilio ambacho kilikuwa kimekwama tangu makaburini. Shangazi aliniacha. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya karibu nasi aliuliza, "Mama Eda, huyo umemfanya nini?" Shangazi akamjibu, "Maharage yamempandia bei." Yule mama akacheka, akageuza kigoda chake akatupa mgongo ili tusione haya.

Niliponyamaza aliniuliza, kwa upole kabisa, "Nguvu zako zimekwisha?"

"Zimekwisha, shangazi. Siombi. Ni wiki nyingi siombi. Naandika uongo."

"Zimekwisha zote?"

"Zote."

"Basi afadhali. Maana nilikuwa nakuona unavyosimama pale mbele, nasema, huyu tutampataje? Mtu anayewaombea watu wote, wakidhani hahitaji kitu. Mimi nakuombea kila siku, baba. Tangu msiba. Namwambia Mungu, huyu hakulia, mwangalie."

Kisha akafumba macho, akaomba kwa Kinamwanga, lugha ya kwetu, sentensi mbili au tatu. Alisema kwamba huyu amechoka, kwamba ni wako, mshike. Hakutaja dhambi yangu. Alisema "amina" akafunika chupa ya chai.

Nilimpigia Lameck simu nikamwambia siji. Akapandisha sauti, "Unaniaibisha! Mtu amekaa anatusubiri!" Nikamwambia tena kwamba siji, na kwamba nitazungumza naye jioni. Alikaa miezi bila kunisalimu. Leo tunasalimiana, lakini benchi langu hajalikalia tena, na hilo bado linaniuma.

Shangazi akasimama, akanionyesha beseni. "Haya, beba. Umenipotezea wateja asubuhi nzima." Nikajitwika kichwani, tukarudi kwa njia ile ile. Kijana mmoja wa kubadilisha kwacha na shilingi alipiga kelele, "Mama, leo umeajiri?" Shangazi akamjibu, "Nimeajiri. Mshahara wake kiazi, na hajakila."

Kumwambia Sekela kulinichukua miezi miwili. Alikaa kimya siku mbili nzima, siku ya tatu akaniuliza swali moja tu: "Siku ile ulikuwa umeomba kabla ya kutoka?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Siku nyingine ukishindwa, niamshe." Kuanzia hapo tumekuwa tunaamshana. Kuna asubuhi ninayeomba ni mimi, yeye anasinzia begani mwangu. Kuna asubuhi ni kinyume chake. Na kuna asubuhi wote wawili tunakaa tu, tukisema kwamba tumekuja na hatuna la kusema.

Utaniuliza kama baadaye tulipata mtoto. Tulipata wawili. Lakini usichukue hilo kama malipo ya kurudi kwangu, kwa maana wapo waliosimama vizuri kuliko mimi ambao hawakupata, na Mungu hakuwaacha. Kilichoniokoa asubuhi ile nilikipata pale kwenye gunia, kabla sijapata mtoto yeyote, na kabla sijasema samahani.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, wewe unayepita katika jambo lako leo. Jaribu likiwa bichi, watu wengi hukesha. Uchungu wenyewe hauwaachi walale. Jihadhari na wiki za baadaye, watu wakishaondoka na wewe umeshapewa sifa. Hapo jichunguze kwa swali dogo: je, nikiwa peke yangu bado naomba? Kama jibu ni hapana, usilifiche na usilipambe. Mwambie mtu mmoja anayekupenda, siku hiyo hiyo. Na neno lolote linalokuja kukusaidia kwa kukupa mtu wa kumchukia, hata likiletwa na ndugu yako wa damu, lipeleke kwanza mbele za Mungu, ulitamke kwa sauti uone kama linatamkika.

Na ukigundua kwamba huna nguvu, mwanangu, usiogope sana. Mimi nilidhani kukesha ni kuwa na macho magumu. Siku hizi najua kwamba anayekesha kweli ni Yeye. Sisi kazi yetu ni kukaa karibu naye, na tukisinzia, tusisinzie mbali. Neema haisubiri upone ndipo ikufuate. Ukiwa njiani kwenda kuharibu, inaweza kuwa imetangulia kufika. Ikikuita, kaa chini. Usijifanye una haraka.

Bwana akuhifadhi unapotoka na unaporudi. Akupe machozi kwa wakati wake, na watu wa kuyaona bila kukudharau. Akuamshe unaposinzia, akubebe unapochoka, na akutaje kwa jina hata siku ambayo wewe utakuwa umeshindwa kulitaja lake. Amina.