Bugaluu Langoni mwa Kanisa

Aibu hii, wenzangu, nimeinyamazia miaka mingi, na hata leo nikipita Ekerenyo mbele ya lango la kanisa letu natazama upande wa pili, mtu mzima mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kijana wa kubeba ndizi kwa baiskeli, na nilijiona bingwa (kupanda mlima na mikungu mitatu si mchezo), basi niliposikia kuna mashindano ya baiskeli ya kutoka Magwagwa hadi Nyamira nikajiandikisha siku hiyohiyo. Shida ni kwamba yalikuwa Jumamosi, sisi ni Wasabato, na mama hakuwa mtu wa kuambiwa habari za mashindano siku ya Sabato. Tena kulikuwa na Kerubo. Aliimba kwaya, Jumatatu alikuwa anaondoka kwenda chuo cha ualimu, na kwa miaka miwili mimi sikuwa nimemwambia zaidi ya "habari ya asubuhi". Nilitaka kushinda ili niende kwao nikiwa na cha kuzungumza.

Nikamdanganya mama kwamba nitasali Magwagwa. Kaptura niliogopa kuibeba asije akaiona, nikaondoka na suruali ya kanisani, bugaluu, ile ya miguu mipana inayofagia chini, nikijiambia nitaikunja. Kweli njia ilipita mbele ya kanisa letu, lakini kwa hesabu yangu tungepita watu wangali ndani wanahubiriwa. Kumbe mgeni wa heshima atachelewa saa mbili nzima, sisi tumesimama juani na namba mgongoni!

Tulipoachiliwa nilikanyaga kama mwendawazimu, hadi Ekerenyo nilikuwa wa tatu (wa tatu, jamani!), ndipo mkunjo wa mguu wa kulia ukafunguka, cheni ikakamata suruali, nikaenda chini na baiskeli juu yangu, langoni kabisa, na watu ndio wanatoka na Biblia mikononi. Nikivuta, suruali inapasuka. Nikiacha, siwezi kusimama. Mama akaja, akainama, akaniuliza polepole, "Ombati, huko Magwagwa wanasali hivi?"

Watu walicheka, hata mzee wa kanisa akageuza uso.

Kerubo hakucheka. Alipiga magoti na gauni lake jeupe, akazungusha pedali kinyume, taratibu, mpaka kitambaa kikaachia, mikono yake yote grisi.

"Panda," akaniambia. "Bado wanaonekana pale kwenye kona. Panda, Ombati, nitangoja nisikie umekuwa wa ngapi."

Atangoja! Na mimi nikafanya nini? Niliona tu mguu wangu ulio wazi hadi pajani. Hata asante sikusema, nikaisukuma baiskeli kupitia mashamba ya chai mpaka nyumbani, nikajifungia. Jumatatu akaenda zake. Miaka ikapita, nikasikia ameolewa Kitale, anafundisha.

Nimeshindana mara nyingi tangu hapo, na kaptura, na kuanguka nimeanguka vilevile, lakini niliapa kwamba nikianguka nitapanda papo hapo, nguo iwe nzima isiwe nzima, watu wacheke wasicheke. Sijawahi kushinda. Ila kila nikivuka mstari, kabla hata sijaomba maji, huwa nautazama umati wote, uso kwa uso, nikijua vizuri kabisa kwamba Kitale ni mbali.